Kaseti ya Pikipiki na Mzee Niliyemwacha Stendi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo siwezi kuendelea kukaa kitini. Huinuka, nikazunguka nyumba, nikaenda kufungua dirisha ambalo tayari liko wazi, kisha nikarudi nilikotoka. Mke wangu akiniona hivyo husema, "Umeanza tena mambo ya Kuka." Nami humjibu kwamba ndiyo, nimeanza tena. Leo nataka nikuhadithie wewe, kwa sababu nimekutazama siku hizi mbili ulizokaa hapa kwangu, simu mkononi, macho ndani ya simu, na nimejiona mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa kinyozi mjini Kakamega, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Shieywe. Hii ilikuwa miaka ya tisini, wakati mashine ya gemu ilikuwa kitu cha kuchomeka kwa waya nyuma ya runinga, na isingecheza mpaka uitumbukizie kaseti yake ya plastiki, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ikikataa kuwaka, unaitoa, unaipuliza kwa mdomo, unairudisha. Mashine yangu nilikuwa nimeuziwa na jamaa aliyerudi kutoka Mombasa, na niliiweka kinyozini, kando ya kioo. Wateja walikuwa wakija kukata nywele wanabaki kucheza mpaka wanasahau kilichowaleta.

Usifikiri nilikuwa mchezaji hodari. Wajukuu wangu hufikiri hivyo, nami sijawasahihisha. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumaliza hata mchezo mmoja. Nilikuwa nikicheza kaseti hii, tayari nafikiria ile. Nilikuwa na kumi na tisa, nimezipanga ndani ya katoni, lakini usingizi wangu ulikuwa wa zile ambazo sikuwa nazo. Nikisikia mtu wa Mumias ana kaseti mpya, nafunga kinyozi na kwenda. Kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, mguu wangu unagonga sakafu chini ya kiti. Sijui kama unaelewa hali hiyo. Nadhani unaelewa.

Na kati ya zote nilizozikosa, moja ndiyo ilinikosesha raha: kaseti ya mbio za pikipiki. Niliiona mara moja tu, katika hoteli moja mjini, pikipiki nyekundu ikiruka vilima vya matope na kutua kwa gurudumu la nyuma. Mwenyewe akahama Kakamega nayo. Niliitafuta miaka miwili.

Sasa, wakati huo kaka yangu Shadraki alitaka kuoa. Alimpenda msichana wa Mautuma aitwaye Nekesa, na msichana naye alimpenda. Lakini baba yake, Mzee Wafula, hakutaka kutuelewa. Wazee wetu walitoka kwetu Matungu mara ya kwanza wakaenda kwake, akawapa chai, akawasikiliza, kisha akasema, "Mimi siwajui. Baba yangu alikuja hapa wakati shamba hili lilikuwa la mzungu, akalima kwa jasho mpaka tukapewa kipande. Mtoto wangu haendi kwa watu nisiowajua." Ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba Kuka Makokha, kaka ya nyanya yangu, aliwahi kufanya kazi huko ujanani mwake. Kwetu babu tunamwita kuka. Wakamtaja kwa Mzee Wafula. "Makokha aliyekuwa akiendesha trekta na baba?" akauliza. "Bado yuko? Basi mleteni yeye. Jumamosi ya pili, saa sita mchana. Akija yeye, tutaongea."

Unaona uzito wake. Harusi nzima ya kaka yangu ilikuwa imening'inia kwa mzee mmoja.

Na mzee huyo alikuwa kwangu. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na wiki hiyo alikuja Kakamega kuonwa na daktari, akalala kwenye kitanda changu, mimi sakafuni. Shadraki alinitumia ujumbe kupitia mtu: "Sisi tutatoka Matungu na wazee. Wewe kazi yako ni moja. Mlete Kuka." Kazi moja.

Asubuhi hiyo Kuka alivaa suti yake ya kijivu, akaniomba nimfungie tai. "Usiniachilie huko njiani, Wangatia," aliniambia. "Watu ninawaonanga kama moshi siku hizi." Nikacheka, nikamwambia, "Kuka, nitakushika kama yai."

Tulifika stendi saa mbili asubuhi. Gari la kuelekea Lugari, upande wa Mautuma, lilikuwa bado linaita abiria. Hapo ndipo nilipokutana na Ismaili, mtu wa Mumias aliyekuwa akiuza mashati pale, naye alikuwa mgonjwa wa gemu kama mimi. Alimsalimia mzee kwanza, salaam aleikum, mzee akamjibu mulembe, mulembe. Kisha akanivuta kando.

"Umesikia? Yule mwalimu wa pale nyuma ya soko amepata uhamisho. Anahama leo, sasa hivi, ako kwa kupakia vitu. Na nimeona kwa macho yangu: ako na ile ya pikipiki."

Mwanangu, mwili wangu wote uliniwasha. Nilitazama gari, lilikuwa na viti sita vitupu. Nilitazama saa. Nikajiambia ni dakika kumi, kwenda na kurudi. Nilimshika Kuka mkono nikamwingiza kwenye hoteli ya chai iliyokuwa pale mkabala na magari, nikamwagizia chai ya maziwa na mandazi mawili, nikamwambia, "Kuka, nakuja sasa hivi. Usiondoke hapa."

"Kuna nini?" aliuliza.

"Kitu kidogo."

Nikatoka mbio.

Mwalimu alikuwa kweli anapakia vitu kwenye pikapu. Kaseti ilikuwa kwenye sanduku pamoja na vijiko. Hakutaka pesa, alitaka nimpe kaseti tatu zangu kwa hiyo moja. Kaseti zangu zilikuwa Shieywe. Nikakimbia Shieywe, nikarudi nikihema kama mbwa. Hapo dakika kumi zilikuwa zimepita zamani, nami nilijua, lakini kujua hakukunisaidia. Nilipokuwa nazikabidhi, wazo likanijia: je, kama ni mbovu? Mwalimu alikuwa ameshaifunga runinga yake kwa blanketi. Nikamsihi, akanipeleka kwa jirani yake aliyekuwa na runinga, tukaichomeka mashine ya mwalimu.

"Kijana," mwalimu aliniuliza, akinitazama nilivyokuwa nikicheza huku nimesimama, "leo huna kazi?"

"Nina safari."

"Ya wapi?"

"Mautuma. Kwa wakwe wa kaka yangu."

Akatazama saa yake. "Na bado uko hapa?"

Nikacheka. Nikasema mbio moja tu, nihakikishe. Nikacheza moja, pikipiki ikaanguka kilima cha mwisho. Ningeachaje hapo? Nikacheza ya pili. Sikumbuki ya ngapi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nakumbuka tu kwamba hata nikiwa nacheza kitu nilichokitafuta miaka miwili, sikukifurahia. Moyo ulikuwa unadunda kwa hofu, vidole vinaendelea, na kila nikijiambia ninyanyuke, nilikuta bado niko pale pale.

Niliporudi stendi ilikuwa saa tano inakaribia. Kiti cha Kuka kilikuwa kitupu. Andazi moja lilikuwa kwenye sahani, halijaguswa.

Mhudumu alikuwa akifuta meza. "Yule mzee aliuliza saa mara nne," akaniambia. "Halafu akasema labda mmepishana, labda umetangulia unamtafuta huko mbele. Aliomba makanga amshushe Mautuma. Ameenda tangu saa nne."

Nilipanda gari lililofuata. Halikujaa haraka. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Nilimgombeza dereva ambaye hakunikosea chochote. Njia nzima nilikuwa nimeishika ile kaseti ndani ya mfuko wa suruali mpaka kona zake zikaniumiza paja, nikijiambia Kuka ameshafika, yuko kivulini anakunywa chai na Mzee Wafula, wanaongea habari za matrekta. Niliirudia picha hiyo moyoni mpaka nikakaribia kuiamini.

Nilifika saa nane. Wazee wetu walikuwa wamekaa uani kwa Mzee Wafula, kofia magotini. Harufu ya ingokho, kuku wa wageni, ilikuwa ikitoka jikoni, na hakuna aliyekuwa anakula. Shadraki aliniona nikiingia langoni peke yangu. Alikuja haraka, akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Kuka yuko wapi?"

"Nilidhani ameshafika."

"Ulidhani?" Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ipande. "Wangatia, si nilikupa wewe umlete?"

Tuligawana njia kumtafuta, yeye upande wa sokoni, mimi ile barabara ya udongo wa maramu inayorudi kwenye lami. Mvua ilikuwa imeshanyesha asubuhi, mitaro imejaa maji mekundu. Nilikimbia kati ya mashamba ya mahindi nikiita jina lake. Mahindi ya huko ni marefu, mtu anaweza kulala humo usimwone. Nilitazama kila mtaro nikiogopa nitakachokiona. Kumbe gari alilopanda lilikuwa halifiki Mautuma. Lilimshusha njia panda, makanga akamwonyesha njia kwa kidole, yeye ambaye kidole chenyewe hakukiona.

Nilimpata kwenye mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa ameketi juu ya gunia, suti yake ya kijivu imekuwa nyekundu kwa matope, mguu mmoja hauna kiatu, na kifundo kimevimba hivi kwamba soksi haikuweza kutoka. Mwanamke mwenye mashine alinitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Wangatia?" aliniuliza. "Tulimtoa kwa mtaro. Tangu tumtoe hajaulizia boma la mtu wala mguu wake. Anauliza kila anayekuja kusaga kama ameona kijana. Anasemanga labda umegongwa na gari."

Kuka alisikia sauti yangu. Akanyoosha mikono, akanipapasa uso, mabega, mikono, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Uko mzima?"

"Niko mzima, Kuka."

"Hawakukuibia? Hukuumia popote?"

"Hapana."

Akashusha mikono. "Basi ulikuwa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Uongo wa aina tatu, nne, wote mzuri, ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameniuliza kama nimeumia, na mguu wake ndio uliokuwa umevimba. Nikasema, "Nilienda kuchukua kaseti ya mchezo."

"Ya nyimbo?"

"Ya mchezo, Kuka. Wa runinga."

Hakunigombeza. Akasema tu, "Haya. Nibebe tuingie kwa watu. Na ukifika utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikambeba mgongoni. Nikasimama katikati ya ua ule, mbele ya wazee wa pande zote mbili, nikasema nilichofanya kwa maneno hayo hayo. Mzee mmoja wa upande wao aliuliza kaseti ni nini, ikabidi nieleze. Niieleze! Pikipiki, vilima, vitufe. Sijawahi kusikia maneno yangu yakiwa madogo vile. Nekesa alileta karai la maji ya vuguvugu, akapiga magoti kumwosha Kuka mguu, na hakumtazama kaka yangu, wala mimi.

Mzee Wafula alimshika Kuka mkono kwa muda mrefu. Kisha akatugeukia. "Mzee huyu anaumia. Siwezi kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari mbele ya mtu anayeumia. Mpelekeni hospitali. Hayo mengine, tutaona baada ya kuvuna."

Baada ya kuvuna ilikuwa miezi minne. Miezi minne, mwanangu, huku habari zikija kwamba kuna mtu wa Turbo mwenye trekta lake ambaye naye anapiga hodi kwa Mzee Wafula. Shadraki hakunisemesha miezi hiyo yote. Akija mjini, alipita mbele ya kinyozi changu kana kwamba pale hapana mlango.

Kuka alikuwa amevunjika mfupa wa kifundo. Walimtia plasta, akarudi kukaa kwangu Shieywe, karibu na hospitali. Siku ya kwanza nilichukua katoni yote ya kaseti ili nikaitupe chooni. Alikuwa amelala, akasikia.

"Nini hizo zinagongana?"

"Ni zile kaseti. Nazitupa."

"Rudisha."

"Kuka, hizi ndizo zilizokuvunja mguu."

"Mguu niliuvunja kwa sababu yako," akasema, na hilo ndilo neno kali kuliko yote aliyowahi kuniambia. "Kaseti haina miguu ya kukimbia stendi. Ukizitupa leo, kesho utapata kitu kingine cha kukuvuta shati. Itakuwa pombe, itakuwa mpira, itakuwa wanawake. Washa hiyo mashine yako. Nataka kuisikia."

Nikaileta kutoka kinyozini, nikaiwasha kwenye runinga ndogo niliyoazima kwa jirani. Hakuweza kuona pikipiki, lakini alisikia mlio wake. Alinishika kifundo cha mkono, hapa, kwa vidole viwili, kama daktari. Nilipofika kilima cha mwisho, pikipiki iko juu hewani, akasema, "Zima."

"Kuka, bado kidogo tu nimalize."

"Ndiyo maana nasema zima."

Nikazima. Utanicheka, lakini nilikaribia kulia. Niliinuka, nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nikarudi. Yeye alisubiri mpaka nikaketi.

"Unaona?" akasema. "Umezima, na hukufa."

Tulifanya hivyo kila siku nilipotoka kazini, kabla ya kupika obusuma, ugali wetu. Siku nyingine aliniacha nicheze nusu saa, siku nyingine dakika mbili. Sikujua lini atasema. Wiki za kwanza nilimchukia. Kisha siku moja, sijui ya ngapi, nilizima mwenyewe kabla hajasema, kwa sababu nilisikia amekohoa na nikataka kumpa maji. Alikunywa maji, akaniuliza kama mvua inakuja.

Tulirudi Mautuma baada ya mavuno. Safari hiyo sikumwachilia Kuka mkono hata alipokwenda msalani. Yeye na Mzee Wafula waliongea saa nzima juu ya marehemu baba yake Wafula, jinsi alivyowahi kulala chini ya trekta siku mbili akingoja kipuri, na Mzee Wafula akacheka mpaka akafuta machozi. Nekesa akawa shemeji yangu. Mwenye trekta wa Turbo alioa kwingine.

Na Shadraki? Wiki moja baada ya siku hiyo aliingia kinyozini, akaketi kwenye kiti, akaniambia, "Ninyoe." Nikamnyoa. Wembe wangu ulikuwa shingoni mwake naye alikuwa amefumba macho, na mimi nilielewa.

Mguu wa Kuka haukupona sawasawa. Alitembea na fimbo mpaka alipofariki, miaka sita baadaye. Kila nilipomwona akishuka ngazi, nilijua ile ni hatua yangu anayochechemea. Hilo halijaniacha, wala siombi liniache.

Mimi bado nacheza, kama unavyojua. Nimecheza tangu wakati huo hadi leo, nimepita hamsini. Nimeongeza kaseti, nimeongeza mashine mpya zilipokuja, na Jumapili alasiri utanikuta na wajukuu tukipiga kelele. Sijawa hodari. Lakini siku hizi namaliza michezo, au naiacha nusu bila kuumwa, na raha niliyoitafuta kwa kukimbia mji mzima niliipata nilipojifunza kuketi.

Kwa hiyo sikwambii utupe simu yako, wala sikwambii mchezo ni upuuzi. Mtu anayekuambia hivyo hajawahi kuonja furaha ya kitu kidogo kisicho na faida kwa yeyote. Cheza. Kusanya unachokipenda. Lakini usiache kitu kikushike mahali ambapo wewe huwezi kukiachilia. Jizoeze kukizima kikiwa kitamu, si kikiwa kimekuchosha, maana kuacha kilichokuchosha hakuhitaji nguvu yoyote. Mtu akikuita, itika mara ya kwanza. Ukimwambia mtu unakuja sasa hivi, ujue kuna mtu ameketi mahali anayapokea maneno hayo kama yalivyo. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema mwenyewe kwa mdomo wako, usingoje mwingine akusemee. Mchezo utakungoja hata mwaka mzima pale ulipouachia. Mzee hawezi. Mchumba hawezi. Mtoto wako naye, siku ukimpata, hataweza.

Mwenyezi Mungu akupe mikono iliyotulia na moyo usiohangaika. Akupe kazi ya kukuheshimisha na michezo ya kukuchekesha, na akupe watu wa kukutafuta ukipotea. Uishi sana, mwanangu, mpaka uzeeke ukiwa bado unajua kucheza.